Robert-Houdin: fundi wa saa aliyejifunza kiinimacho ndani ya kitabu

Watu wengi wamekwisha kusikia jina la Houdini, yule Mmarekani aliyekuwa anafungwa minyororo na pingu na kutoka bila ufunguo. Wachache njo wanajua kama jina hilo aliliazima. Mwenye jina wa kwanza alikuwa Mfaransa, fundi wa saa, Jean-Eugène Robert-Houdin. Alizaliwa mwaka 1805, akafa mwaka 1871. Alijifunza kuchezesha karata na kudanganya macho ya watu akianzia kwenye vitabu, na kisha yeye mwenyewe akaandika vitabu vya kufunua siri hizo. Lakini katikati ya maisha yake serikali ya nchi yake ilimtuma Afrika, kwenda kutumia ujuzi ule ule juu ya watu wenye hawakuwa na kitabu hicho mikononi. Kwa hiyo maisha yake yanatugusa na sisi, hata kama hakukanyaga Congo hata siku moja.

Kitabu kilichokosewa

Alizaliwa mwezi wa 12 katika Blois, mji ulio kando ya mto Loire. Baba yake, Prosper Robert, alikuwa fundi wa saa. Lakini sawa wazazi wengi wa kila nchi, papa huyo hakutaka mtoto arithi kazi ya mikono. Alitaka awe mtu wa ofisi na sheria. Akamtuma kusoma Orléans, na masomo yalipoisha akamweka kwa notere kunakili karatasi. Kijana alikuwa pale kwa mwili tu. Akili yake ilikuwa kwenye vyuma na springi. Mwishowe papa akakubali, na kijana akafundishwa kazi ya saa na binamu yake.

Sasa, sikilizeni namna mambo yalivyogeuka. Kufuatana na yale aliyoandika mwenyewe alipokuwa mtu mzima, siku moja alikwenda kwa muuza vitabu kutafuta kazi kubwa ya Ferdinand Berthoud juu ya utengenezaji wa saa. Muuzaji alikuwa na haraka, akamfungia vitabu viwili vingine. Kijana kufika nyumbani na kufungua, akakuta havisemi saa hata kidogo. Vilikuwa vitabu vya michezo ya kisayansi: namna ya kuchezesha karata, namna ya kutambua mawazo ya mtu, namna ya kukata kichwa cha njiwa kisha kumrudisha mzima. Mtu mwingine angerudi dukani kugombana. Yeye alikaa na kusoma, na hakuvirudisha.

Tatizo likatokea pale pale. Kitabu kinakuambia siri iko wapi, lakini hakikushiki mkono. Kinasema ficha karata kiganjani, lakini hakikuonyeshi kidole gani kinakaza na kipi kinalegea. Kijana akatafuta mwalimu, akamkuta Blois mtu mmoja aliyeitwa Maous. Kazi yake ilikuwa kutunza miguu ya watu na kukata sugu, lakini alijua pia kurusha mipira na kuidaka. Akamfundisha. Kijana akaendelea peke yake hadi akaweza kuweka kitabu mbele yake na kukisoma huku mipira minne iko hewani. Aliona faida yake: mikono ikijifunza kufanya kazi yenyewe, macho na mdomo vinabaki huru kwa ajili ya watazamaji.

Kwenye karata njo kazi ilikuwa ngumu zaidi. Kuko mambo matatu ambayo kila mwanafunzi wa karata anayakuta mlangoni. La kwanza ni kupitisha nusu ya chini ya pakiti juu ya nusu ya juu bila mtu kuona, ili karata iliyorudishwa katikati ipande juu. La pili ni kuficha karata kiganjani huku mkono unaonekana umepumzika. La tatu ni kumfanya mtu achukue karata ile unayoitaka wewe, naye abaki akiamini kama amechagua kwa mapenzi yake. Mawili ya kwanza ni ya vidole. La tatu ni la kumjua mtu: unamnyooshea karata wakati gani, unamtazama wapi, mkono wako unasimama kidogo pahali gani. Robert alizoea kutembea barabarani na mikono mifukoni, na ndani ya mifuko vidole vilikuwa vinafanya mazoezi bila kupumzika. Wapita njia waliona kijana anatembea tu.

Paris: furaha na kilio

Mwaka 1830 alimwoa Cécile Houdin, binti wa fundi wa saa aliyekuwa anafanya kazi Paris. Akaunganisha jina la mke na lake, na kuanzia hapo akaitwa Robert-Houdin. Walizaa watoto wanane. Watatu tu njo walikua. Katika karakana alitengeneza saa za ajabu na sanamu zenye kujitembeza kwa springi. Mwaka 1843 Cécile akafariki, akamwachia watoto. Mwaka uliofuata Robert-Houdin alioa tena, na akapeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris sanamu yenye kuandika na kuchora. Mfalme Louis-Philippe aliitazama, na mfanyabiashara Mmarekani P. T. Barnum akainunua.

Tarehe 3 mwezi wa 7 mwaka 1845 alifungua jumba lake dogo la michezo ndani ya Palais-Royal. Alikuwa karibu na miaka 40. Siku ya kwanza ilikwenda vibaya: woga ulimshika, akasema mbio mbio, sauti haitoki. Alitaka kuacha. Lakini alirudi, na baada ya muda kidogo jumba likawa linajaa.

Alibadilisha nini? Wachezaji wa mbele yake walivaa kanzu ndefu, na meza zao zilifunikwa kitambaa hadi chini. Kila mtazamaji alikisia kama ndani ya kitambaa kuko mtu amejificha. Robert-Houdin akaondoa vitambaa, akaacha meza nyembamba zinazoonekana miguu, akavaa suti sawa bwana yeyote aliyekwenda kula jioni kwa marafiki. Mtu akiona hakuna pa kuficha kitu, mashaka yake yanalala. Mashaka yakilala, njo kazi inaanza.

Namna ya kudanganya akili

Mwaka 1846 alipanda jukwaani na mtoto wake Émile, aliyekuwa bado kijana mdogo. Mtoto alifungwa macho. Baba alishuka kati ya watu, akashika kitu cha mtazamaji, saa ao sarafu ao kitambaa, akauliza swali fupi. Mtoto akataja kitu, wakati mwingine hata mwaka ulioandikwa juu ya sarafu. Watu walisema huyu mtoto anaona kwa roho.

Siri ilikuwa kwenye swali lenyewe. Maneno ya baba yalipangwa mbele, na kila namna ya kuuliza ilibeba jibu lake. Lakini hiyo peke yake haitoshi, sababu watu wanaleta vitu vya kila namna. Kwa hiyo baba na mtoto walijizoeza kuona haraka. Walipita mbele ya dirisha la duka bila kusimama, kisha mbele kidogo kila mmoja akaandika vitu alivyoviona. Robert-Houdin ameandika kama yeye alifikisha vitu 30, na mtoto alifikisha 40. Hakuna roho hapo. Ni kazi ya miezi mingi ambayo watazamaji hawakuiona.

Mwaka 1847 watu wote wa Paris walikuwa wanazungumuza juu ya eteri, dawa mpya ya kulaza wagonjwa mbele ya kupasuliwa. Robert-Houdin akamchukua mtoto wake mdogo Eugène, akamnusisha chupa, na mtoto akabaki amelala hewani, amejiegemeza kiwiko juu ya fimbo moja tu. Harufu ya eteri ilijaa jumba. Kilichomshika mtoto kilikuwa chuma kilichofichwa ndani ya nguo, si dawa. Lakini pua ya watu iliwaambia dawa iko, magazeti yaliwaambia dawa hiyo ina nguvu, basi akili ikamaliza hesabu yenyewe. Watu wengine walimwandikia kwa hasira wakisema anatesa mtoto.

Mwaka 1849 jaji mmoja wa Paris alimwomba msaada wa namna nyingine. Polisi walikuwa wamekamata pakiti 150 za karata kwa mtu aliyeshukiwa kuwa mwizi wa michezo ya pesa. Karata zilikuwa nyeupe mgongoni, safi, bila alama. Robert-Houdin alizichunguza siku nyingi kwa macho na kwa lenzi, hakuona kitu. Alipokuwa karibu kukata tamaa, akaitupia jicho karata moja ikiwa mbali kidogo, mwanga ukaipiga kwa pembeni, akaona nukta ndogo isiyong'aa. Pahali nukta ilipokaa njo palisema yote: kutoka upande hadi upande ilionyesha aina ya karata, kutoka juu hadi chini ilionyesha thamani yake. Mwizi alikuwa anasoma karata za wenzake sawa mtu anayesoma gazeti.

Serikali inamwita Algeria

Mwaka 1856 Robert-Houdin alikuwa amekwisha kuacha jukwaa na kurudi karibu na Blois, kijiji cha Saint-Gervais. Hapo njo barua zikamfikia kutoka Algeria. Ufaransa ilikuwa imeingia nchi hiyo kwa nguvu tangu mwaka 1830, na wenyeji hawakuacha kupigana. Koloneli de Neveu, aliyeongoza ofisi ya mambo ya Waarabu katika Alger, aliona kama wamarabu wa dini wanachochea watu kwa kuwaonyesha maajabu. Akapata wazo: tulete Mfaransa mwenye maajabu makubwa kuliko yao.

Mwezi wa 10 mwaka huo machifu wa makabila waliitwa kwenye jumba la michezo la Bab Azoun. Robert-Houdin alileta sanduku dogo. Paris alikuwa amelitumia kuchekesha watu: lina chuma chini, na ndani ya ubao wa jukwaa kuko sumaku ya umeme. Umeme ukifungwa, mtoto analibeba. Umeme ukifunguliwa, hata mtu wa mizigo halitikisi. Alger hakulionyesha sawa mchezo. Alimwita mwanaume mwenye nguvu, akamwacha alinyanyue kwa kidole, kisha akamtangazia kama sasa anamwondolea nguvu zake na kumgeuza mnyonge. Mtu akavuta, akatoa jasho, sanduku halisogei. Mara umeme mwingine ukapita kwenye mshikio, akaanguka magoti na kupiga kelele, kisha akakimbia.

Kisha akasema risasi haimpati. Mwarabu mmoja alitia alama kwenye risasi, akapiga bunduki, na risasi ikaonekana ndani ya tunda la tofaa ambalo Robert-Houdin alilishika kwenye ncha ya kisu. Mwishoni kijana mmoja alifunikwa juu ya meza, na kifuniko kilipoinuliwa hakuwa pale. Watu wengi walikimbilia milango.

Robert-Houdin ameandika kama wakalimani walitumwa baadaye kuwaeleza machifu kwamba hayo yote ni ufundi tu, na kama machifu walimpa karatasi nzuri ya sifa. Lakini angalieni mpango wenyewe ulivyojengwa. Paris mtazamaji alilipa tiketi akijua anadanganywa kwa furaha yake, na alirudi nyumbani na uhuru wake. Alger mtazamaji aliitwa na jeshi lililokamata nchi yake, ili aogope. Sanduku ni lile lile, sumaku ni ile ile. Na kama lengo lilikuwa amani, halikufikiwa: mwaka 1857, miezi michache tu nyuma yake, jeshi la Ufaransa lilipanda milima ya Kabylie na kuiteka kwa bunduki.

Kutoka Alger hadi Kisangani

Hapa tusimame kidogo, sababu hadithi namna hii haikubaki Algeria. Mwaka 1890 Mmarekani mweusi, George Washington Williams, mwandishi wa historia, alipanda mto Congo hadi Stanley Falls, njo Kisangani ya leo. Akiwa pale, mwezi wa 7, aliandika barua ya wazi kwa mfalme Léopold II wa Ubelgiji, akimshitaki juu ya matendo ya serikali yake.

Kati ya mashitaka yake, kuko moja ambayo Robert-Houdin angeitambua mara moja. Williams aliandika kama Stanley na watu wake, katika kutafuta mikataba ya ardhi na machifu, walitumia michezo. Mzungu alificha betri ya umeme ndani ya koti, waya ukashuka hadi kiganjani. Akimpa chifu mkono, chifu anashituka na kufikiri mzungu huyu ana nguvu za ajabu. Mzungu aliwasha sigara kwa lenzi, akajigamba kama jua linamtii. Na bunduki: risasi ilifichwa ndani ya mkono wa nguo, mtu mweusi akapewa bunduki apige, kisha mzungu akainama na kuitoa risasi ndani ya kiatu chake. Kwa njia hizo, pamoja na makasha machache ya pombe, aliandika Williams, vijiji vizima vilitiwa sahihi na kutolewa.

Mababu wetu hawakukosa akili. Bwana wa Paris mwenye masomo yake yote alidanganywa na eteri na meza isiyo na kitambaa. Tofauti ilikuwa moja: nani anajua betri ni nini, na nani hajaambiwa. Williams alikufa mwaka 1891, na barua yake ilikuwa kati ya sauti za kwanza zilizofunua yaliyokuwa yanatendeka ndani ya nchi yetu.

Mzee anafungua sanduku

Turudi Saint-Gervais. Nyumbani kwake Robert-Houdin alitia umeme wakati vijiji vingi vya Ulaya havijaujua: geti lilijifungua, saa moja kubwa iliongoza saa zingine za nyumba, na farasi alipewa chakula kwa saa yake bila mtu kufika zizini. Na hapo njo aliandika. Mwaka 1858 alitoa kitabu cha maisha yake. Mwaka 1861 alitoa kingine juu ya wezi wa karata, ambao Wafaransa wa wakati ule waliwaita Wagiriki. Ndani yake alieleza karata zenye alama, karata zilizokatwa pembeni kidogo, na wenzi wa mwizi wanaojifanya hawamjui.

Yeyote mwenye amekwisha kuona mchezo wa karata tatu kando ya soko anaelewa faida ya kitabu namna hiyo. Mchezeshaji anashika karata mbili kwa mkono mmoja. Jicho lako linajua ile ya chini njo inaanguka kwanza, kumbe anaachilia ya juu. Na yule kijana anayeshinda mbele yako ni mwenzi wake. Ukikwisha kujua hivyo, pesa yako inabaki mfukoni.

Mwaka 1868 akatoa kitabu kikubwa cha mafundisho, kwa wale wanaotaka kujifunza kabisa. Hapo aliweka kwenye karatasi yale ambayo kijana wa Blois aliyakosa: vidole vinakaa namna gani, moja moja. Alifundisha kama mwendo wa polepole unaficha kuliko mwendo wa haraka, sababu haraka inaamsha mashaka. Alisema mchezeshaji ni mwigizaji, anaigiza mtu mwenye nguvu ambazo hana. Ukisoma hilo neno na kukumbuka Alger, unajiuliza kama siku ile aliwaambia watazamaji wake kwamba anaigiza.

Mwisho wake ulikuwa wa uchungu. Mwaka 1870 vita ilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Eugène, yule mtoto aliyelala hewani, alikuwa sasa kapiteni wa jeshi. Aliumizwa vibaya katika mapigano ya Wörth, mwezi wa 8, akafa. Baba hakudumu. Tarehe 13 mwezi wa 6 mwaka 1871 Robert-Houdin alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 65. Mwaka huo huo Algeria ilikuwa inawaka: El Mokrani alikuwa ameinua Kabylie dhidi ya Ufaransa, moja kati ya maasi makubwa kabisa ya karne ile. Miaka 15 baada ya sanduku, watu wa Algeria hawakuamini kama nguvu zao ziliondolewa.

Vitabu vyake viliendelea kutembea. Mwaka 1888 Georges Méliès alinunua jumba la michezo lenye jina lake, na miaka michache nyuma akaanza kutengeneza sinema za kwanza zenye maajabu. Marekani, kijana mzaliwa wa Budapest, Erik Weisz, alisoma kitabu cha maisha ya Robert-Houdin, akakipenda hadi akajiita Houdini. Mwaka 1908 huyo huyo aliandika kitabu cha kumshambulia, akisema aliiba kazi za wengine. Lakini katika miaka yake ya mwisho Houdini alitumia ujuzi huo kuwafunua wale waliowala pesa wafiwa kwa kudai wanazungumuza na marehemu.

Njo urithi wa fundi wa saa wa Blois. Kwa mkono mmoja alitusaidia kumtambua mwizi wa karata. Kwa mkono mwingine aliwasaidia wenye bunduki kutisha watu kwao. Mtu akikuonyesha muujiza, furahia. Lakini akikuonyesha muujiza kisha akaomba pesa yako, ao sahihi yako juu ya karatasi ya shamba, uliza kwanza chini ya ubao kuko nini.